Picha ya Nyumba Isiyokuwapo

Vijana wengi wa mijini siku hizi hujipatia riziki kwa kuchora kwa kompyuta majengo ambayo bado hayajajengwa. Hii ni kazi ya namna gani, inahitaji vyombo vipi, na mnunuzi wa nyumba aitazame vipi picha anayoonyeshwa?

MAMA mmoja wa makamo aliingia ofisini mwangu Jumatatu asubuhi akiwa na vitu viwili mkononi: karatasi ya matangazo iliyokunjwa mara nne, na utepe wa kupimia, ule wa fundi wa nguo. Nilimkaribisha kiti, hakuketi. Aliikunjua ile karatasi juu ya meza, akaweka kidole katikati ya sebule iliyopendeza, yenye makochi meupe na dirisha pana.

"Ni wewe uliyechora hii, mwanangu?"

Nilijibu ndiyo, tena kwa fahari. Miongoni mwa picha zangu, hiyo nilikuwa nikiionea raha.

"Basi nieleze ni kwa nini makochi yangu yamekataa kuingia."

Mama yule na mumewe walikuwa wamelipa arubuni ya fleti miaka miwili nyuma, wakati pale mahali palipokuwa na nyasi na kibao tu. Hawakuwa na kitu kingine cha kutazama ila picha yangu. Sasa nyumba imekwisha, wamepewa funguo, na sebule waliyoinunua si sebule waliyoiona. Nilitoa ramani nikaitazama. Vipimo vyote vilikuwa sawa, na mkandarasi hakuiba hata inchi moja. Aliyedanganya alikuwa ni mimi, na nilikuwa nimedanganya bila kutamka neno.

Msomaji, nitakueleza jinsi jambo hilo linavyotokea. Lakini kwanza tuijue kazi yenyewe, maana wanafunzi wengi huniuliza habari zake, na wazazi wao huniuliza kama kweli ni kazi.

Mchoraji huyu ni nani?

Msanifu majengo huchora ramani. Ramani ina mistari, namba na alama ambazo mhandisi, mkandarasi na afisa wa kaunti huzisoma kama wewe unavyolisoma gazeti hili. Mtu wa kawaida akiitazama haoni nyumba, huona mistari tu. Hapo ndipo mchoraji wa picha za majengo anapohitajika. Huichukua ramani akaijenga upya ndani ya kompyuta, ukuta kwa ukuta na mlango kwa mlango. Kisha kila kitu hukipa sura yake: jiwe la Ndarugo lionekane jiwe, mabati yaonekane mabati, na sakafu ya vigae ing'ae kama iliyopigwa deki asubuhi. Halafu huweka jua angani, akasimamisha kamera, na mwisho akaiamuru kompyuta ipige hesabu ya mwanga na kutoa picha kamili. Hatua hiyo ya mwisho, wenye kazi huiita kurenda.

Jambo moja lieleweke. Mchoraji huyu si msanifu majengo, isipokuwa awe amesomea na kusajiliwa. Sheria ya Kenya, Sura ya 525, hairuhusu mtu kujiita msanifu majengo bila kuandikishwa na bodi husika. Wachoraji wengine walisomea usanifu katika vyuo vikuu kama vile Nairobi au Jomo Kenyatta kule Juja, wengine walitoka katika sanaa au upigaji picha, na wengine walijifunza wenyewe nyumbani. Wote wanakaribishwa, maadamu waweze kuisoma ramani barabara.

Wala kazi hii haikuzaliwa na kompyuta. Kule Uingereza aliishi Humphry Repton, mbunifu wa bustani aliyefariki mwaka 1818. Yeye aliwatengenezea matajiri vitabu vyenye jalada jekundu. Ndani yake mlikuwa na picha ya shamba lilivyo, na juu yake kipande cha karatasi cha kufunua. Ukikifunua, unaliona shamba litakavyokuwa. Mwaka 1912, Walter Burley Griffin wa Chicago alishinda mashindano ya kubuni Canberra, mji mkuu wa Australia. Ile michoro mizuri iliyopelekwa kwa waamuzi iliandaliwa na mkewe, Marion Mahony Griffin, ambaye naye alikuwa msanifu majengo. Jina lililovuma likawa la mume. Kwa hiyo, kijana, ukiona picha yako imebandikwa barabarani kwenye bango kubwa bila jina lako, ujue mambo hayo hayakuanza leo.

Kompyuta huchoraje mwanga?

Tazama chumba ulichoketi sasa. Mwanga wa jua huingia dirishani, ukagonga sakafu, ukaruka hadi ukutani, kutoka ukutani ukaenda darini, na kila unapogonga huchukua rangi kidogo. Ndiyo maana zulia jekundu huupaka ukuta mweupe wekundu hafifu. Mwaka 1980, Turner Whitted wa Marekani alionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuifuata miale hiyo kinyumenyume, kutoka kwenye jicho kurudi kwenye taa. Mwaka 1986, James Kajiya aliandika hesabu moja inayokusanya safari zote za mwanga. Programu nyingi za leo zenye picha kama za kamera zimesimama juu ya hesabu hiyo.

Tatizo ni muda. Miale ni mingi mno, na kompyuta huchagua michache ya kuifuata. Ikifuata michache sana, picha hutoka na chenga kama televisheni iliyokosa mawimbi. Ikifuata mingi, picha husafika, lakini unasubiri.

Chombo kipi uchague?

Programu za kurenda zimegawanyika katika makundi mawili, na tofauti yake ni kama ya githeri jikoni kwa makaa na yai kwenye gesi.

Kundi la kwanza ni la polepole. Humo mna V-Ray, ya kampuni ya Chaos iliyoanza mwaka 1997 mjini Sofia, Bulgaria. Mna Corona, iliyoanza mwaka 2009 mjini Prague kama kazi ya mwanafunzi na baadaye ikaingia mikononi mwa Chaos hao hao. Mna pia Cycles, inayokaa ndani ya programu iitwayo Blender. Hizi huufuata mwanga kwa uaminifu, na ndizo zinazotoa zile picha ambazo mtu huapa kwamba zilipigwa kwa kamera.

Kundi la pili ni la haraka: Enscape, Lumion, Twinmotion, na Eevee ambayo nayo imo ndani ya Blender. Hizi hukisia mahali ambapo zile nyingine hupiga hesabu. Kivuli cha pembeni mwa kabati au sura ya chumba ndani ya kioo huenda visiwe sahihi kabisa, ingawa matoleo ya karibuni yameanza kufuata miale kadi ya grafiki ikiwa na nguvu. Badala yake, unaweza kutembea ndani ya nyumba hapo hapo kwenye kioo cha kompyuta, ukageuka kulia na kushoto, mteja ameketi kando yako.

Tupige hesabu ndogo. Mteja anataka filamu ya dakika moja. Filamu hiyo, kwa picha 25 kila sekunde, ni picha 1,500. Kila picha ikichukua dakika 10 kwa programu ya polepole, ni dakika 15,000, yaani saa 250. Hizo ni zaidi ya siku 10 usiku na mchana, umeme usipotee hata mara moja! Kwa programu ya haraka, kila picha ikichukua sekunde 10, kazi yote itakwisha kwa saa nne na dakika kumi. Mteja naye anaitaka Ijumaa.

Kwa hiyo anayeuliza "programu iliyo bora ni ipi?" ameuliza vibaya. Ajiulize maswali haya manne.

Kwanza, kazi yenyewe ni ipi? Picha moja kubwa ya bango inastahili programu ya polepole. Filamu, au kikao ambapo mteja atabadilisha rangi mara saba, inataka ya haraka.

Pili, mashine yangu ina nguvu upande gani? Corona hutegemea ubongo mkuu wa kompyuta. Lumion na wenzake hutegemea kadi ya grafiki. V-Ray na Cycles zinaweza kutumia chochote kati ya hivyo viwili. Tena kadi ya grafiki ina kumbukumbu yake yenyewe. Ukijaza miti elfu na nyasi hata isitoshe, kazi itapungua mwendo au itakwama kabisa. Wengi wamenunua kadi ya mbio nyingi yenye kumbukumbu ndogo, wakajuta.

Tatu, msanifu ninayefanya naye kazi huchora kwa nini? Kama anatumia Revit, ArchiCAD au SketchUp, Enscape huingia mumo humo bila kuhamisha faili. Kila faili inapohamishwa, kitu hupotea njiani: mlango hugeuka, ama ngazi hukosa kipago.

Nne, nina ruhusa ya kuitumia? Programu nyingi za kulipiwa hukodishwa kwa mwezi au mwaka. Zile za wizi zinazozunguka mitaani huja na virusi, na siku moja utapata mteja mkubwa atakayekuomba leseni. Utamjibu nini?

Mzazi, usikimbilie kuuza ng'ombe

Wazazi huniambia, "Kijana wangu anataka kompyuta ya bei ya ploti." Nami huwaambia wangoje kwanza.

Kuna programu inayoitwa Blender, nayo ni ya bure. Iliandikwa na Ton Roosendaal wa Uholanzi. Kampuni yake ilipofungwa mwaka 2002, iliamuliwa kwamba programu ingeachiliwa huru zikipatikana yuro 100,000. Watu wa nchi mbalimbali walichanga kidogo kidogo, na katika wiki saba fedha zikatimia. Sisi Wakenya tunalo neno la jambo hilo: harambee. Na asikwambie mtu kwamba cha bure ni dhaifu. Filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka Latvia, iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender.

Twinmotion nayo, tangu mwaka 2024, ni bure kwa mtu au kampuni ambayo mapato yake ya mwaka hayafiki dola milioni moja. Ni wachache miongoni mwetu watakaokwazwa na sharti hilo!

Kwa hiyo mwanao na aanze na kompyuta iliyopo. Na achore chumba chake mwenyewe: apime kitanda, apime dirisha, asimame pale pale saa tatu asubuhi apige picha kwa simu, kisha airende picha hiyo hiyo hadi mbili hizo zifanane. Akiweza hilo ndani ya miezi sita, hapo mzungumze habari ya mashine. Akishindwa, mashine ya bei ya ploti haingemsaidia.

Akianza kupata kazi, mwambie aandikiane na mteja kabla ya kufungua kompyuta: picha ngapi, marekebisho mara ngapi, na nusu ya malipo mwanzoni. Wachoraji wengi wameumizwa na neno "badilisha kidogo tu" kuliko walivyoumizwa na kukosa kazi.

Jua la Nairobi si la London

Hapa ndipo vijana wengi huteleza, hata wenye vyombo vya bei ghali. Programu hizi nyingi zimetengenezwa katika nchi za kaskazini, na mifano yake imejaa jua la huko. Adhuhuri ya Desemba mjini London, jua huinuka nyuzi 15 hivi tu juu ya upeo wa macho, na vivuli huwa virefu kama vya jioni. Nairobi iko kiasi cha digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Hapa jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 65, mwaka mzima.

Kuna jambo kubwa zaidi. London, jua la mchana siku zote liko upande wa kusini. Huku kwetu, kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, liko upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki liko kusini. Mchoraji asipoiandikia programu mahali nyumba ilipo, huenda akaonyesha chumba cha kaskazini chenye kivuli baridi, ilhali mwenyewe atachomwa na jua la adhuhuri nusu mwaka.

Na miti? Maktaba za programu zimejaa misonobari na miti ya Ulaya. Ukiipanda mbele ya fleti za Kasarani, umechora mahali pasipokuwapo. Weka mjakaranda, lakini usiuchanulishe maua ya zambarau katika picha unayosema ni ya Aprili. Wakazi wa Nairobi wanajua kwamba huchanua kuanzia Septemba na Oktoba. Weka udongo mwekundu na ukuta wa jirani. Picha itapungua urembo, lakini mtu ataitambua.

Nilivyomdanganya yule mama

Sasa turudi kwa yule mama na utepe wake. Nilitumia hila tatu, na kila mmoja katika kazi hii anazijua.

Ya kwanza ni kamera. Ndani ya kompyuta unaweza kuiweka kamera nyuma ya ukuta, ukauficha ule ukuta, ukaitazama sebule kutoka mahali ambapo binadamu hatasimama kamwe. Ya pili ni lenzi pana, ambayo husogeza ukuta wa mbali ukaonekana uko mbali zaidi. Ya tatu ndiyo mbaya. Nilipunguza vyombo vya nyumba. Kochi la mita 2.1 ukilipunguza kwa asilimia 15 tu, linakuwa mita 1.79. Jicho halijui. Jicho hulitazama kochi likalifanya kipimo, na chumba cha mita 3.6 kikasomeka kama cha mita 4.2. Hakuna neno la uwongo lililoandikwa popote, na mtu ametoa akiba yake ya maisha.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Waama, picha yangu ilijiuza. Ila kilichouzwa hakikuwapo.

Tangu mwaka 2022 hila zimezidi kuwa rahisi. Zipo sasa programu za akili unde ambazo ukiziandikia maneno machache zinakupa jumba la kifahari ndani ya dakika moja. Zinafaa kwa kutafuta mawazo. Lakini picha ya namna hiyo haikupimwa kutoka kwenye ramani yoyote. Dirisha liko pale kwa sababu linapendeza, si kwa sababu msanifu ameliweka.

Ukionyeshwa picha, fanya hivi

Wewe unayetaka kununua nyumba isiyojengwa, usiikatae picha. Itazame kwa makini. Omba ramani iliyopitishwa na kaunti, yenye vipimo, na uulize kama mradi umeandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA. Pima makochi yako na kitanda chako, kiwe cha 5 kwa 6 au cha 6 kwa 6, kisha uvichore kwa chaki uani ukitumia vipimo vya ramani. Uliza dirisha la sebule linatazama upande gani. Uliza lile eneo lenye miti kwenye picha ni la nani, maana huenda ni ploti ya mtu mwingine ambayo mwakani itasimama ghorofa nane. Na omba kuonyeshwa chumba kutoka mlangoni, kamera ikiwa kwenye kimo cha macho ya mtu aliyesimama.

Swali hilo la mwisho ndilo lililobadilisha namna ninavyochagua vyombo vyangu. Zamani nilipenda programu za polepole peke yake, kwa kuwa picha zake ni nzuri na mimi ndiye ninayechagua pembe. Sasa kabla ya kurenda picha ya bango, huifungua nyumba katika programu ya haraka, nikamwomba mwenye mradi awalete wanunuzi wachache, nikawakabidhi kipanya watembee wenyewe. Mara moja nyanya mmoja alisimama kwenye korido ya kompyuta akauliza, "Mlango wa choo unafungukia mezani pa chakula?" Vyumba vile vilikuwa vimepita mikononi mwa wasomi kadha wa kadha, na hakuna aliyeliona. Msanifu aliuhamisha mlango wiki ile ile, kwa gharama ya mistari miwili. Ukuta ungekuwa umesimama, gharama ingekuwa nyingine.

Yule mama sikuweza kumrudishia mita zake. Nilimwomba radhi, nikamwandikia mwenye mradi kwamba picha zile zisitumike tena kuuza nyumba zilizobaki, nikazichora upya kwa vipimo halali. Zilipungua mvuto, na mwenye mradi hakunipa kazi nyingine.

Mama alipoondoka aliuacha utepe wake mezani pangu, sijui kwa kusahau au kwa kusudi. Ungali pale. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huniuliza tutaanza na programu gani, nami huwapa huo kwanza, nikawaambia wakapime meza, mlango na kiti walichokalia.